Ushahidi wa Mla Sokoni

Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa Unguja, umo mlango unaohusu mashahidi: ni nani akubaliwe kauli yake mbele ya kadhi, na ni nani akataliwe. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake cha Minhaj kwamba shahidi yampasa awe na muruwa, yaani mwenendo unaolingana na wa watu walio mfano wake, katika zama zake na mahali pake. Kisha ametaja baadhi ya mambo yanayouangusha muruwa huo. Miongoni mwayo ni kula sokoni, na kukithirisha visa vya kuchekesha. Walakini Imamu hakukomea hapo. Ameongeza kuwa hukumu ya mambo hayo huhitilafiana kwa watu, kwa hali na kwa mahali.

Msomaji wa fasihi akiupitia mlango huo hana budi kusimama kidogo. Mtu alaye sokoni na mtu mwenye visa vingi, wakikutanishwa, humfanya mtu mmoja ambaye fasihi inamjua sana, naye ni mtungaji. Mtu huyo hupatikana leo miongoni mwa wanafunzi wa vyuo. Ni kijana apendaye kutembea mjini bila ya kutumwa, kula katika mikahawa na barazani, na kurudi chuoni na habari za alivyoviona na alivyovionja. Nyumbani huambiwa kuwa ni mlafi na mzururaji. Sheria imewahi kuushuku ushahidi wake. Suali linalostahili kuulizwa na wahakiki ni hili: je, katika mahakama ya fasihi, mla sokoni akubaliwe kuwa shahidi wa mji wake? Na akikubaliwa, ni kwa sharti gani?

Suali hili si la mchezo, kwani insha za kula na kutembea zimekuwa nyingi, na Mji Mkongwe wa Unguja ni miongoni mwa miji inayoandikwa sana kwa namna hiyo. Mwanafunzi wa Tunguu, ambako vipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar, hupanda daladala siku asiyokuwa na masomo, akateremka Darajani, akaingia vichochoroni, na jioni ikamkuta Forodhani mbele ya meza za mishkaki, pweza na juisi ya miwa. Akishika kalamu, aghalabu huandika orodha. Vyakula hutajwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikipewa sifa ya utamu, milango ya nakshi husifiwa, jua huzama baharini, insha huisha. Kosa la insha kama hizo si kwamba zimesifu chakula, maana chakula cha Unguja chastahili sifa. Kosa lake ni kuwa zingeweza kuandikwa na mgeni aliyeshuka melini asubuhi na kuondoka usiku. Mwenyeji amekopa macho ya mgeni ili autazame mji wake mwenyewe.

Mkopo huo una asili yake. Mwaka 1863 Baudelaire, mshairi wa Ufaransa, alieleza habari za mtu atembeaye katika mji wa Paris akitazama umati wa watu, naye akiwa ndani ya umati huo bila ya kujulikana. Tangu hapo wahakiki wengi wa Ulaya wamemfanya mtembezi huyo kuwa kielelezo cha mwandishi wa mji. Lakini kielelezo hicho hakikai vyema Mji Mkongwe. Mtembezi wa Paris hutazama asitazamwe. Hana haja ya kumwamkia mtu. Katika vichochoro vya Kiponda, Mkunazini au Sokomuhogo, kijana hawezi kupita mbele ya baraza yenye wazee bila ya kutoa salamu, na akipita kimya habari hufika nyumbani kabla yake. Ataulizwa anakwenda wapi, na mama yake hajambo. Kwa hiyo mtembezi wa Unguja hutazamwa zaidi kuliko atazamavyo. Hana njia ya kuwa mgeni wa watu wote. Na mwandishi ajifanyaye mgeni huwa amesema uwongo tangu sentensi ya kwanza.

Hali kadhalika katika kula. Desturi ya Waswahili ni kwamba mtu anayekula akaonwa na mpita njia humwambia, "Karibu." Mpita njia naye, asipokuwa na nia ya kuketi, hujibu, "Starehe," na kwenda zake. Maneno hayo mawili ni mafupi, lakini ndani yake umo mkataba mzima. Mlaji amekiri kuwa ameonwa, na kwamba alichonacho si chake peke yake. Mpita njia amekiri kuwa amealikwa, akamwachia mwenziwe raha yake. Pengine hapo ndipo muruwa wa mla sokoni unaporejea. Kinachomwondolea mtu heshima si kutafuna hadharani tu, bali kutafuna kama kwamba hadhara haipo. Jambo hili ni kipimo kizuri cha insha pia: yafaa kutazama kama mwandishi, alipokuwa akila, alimkaribisha mtu.

Ili kipimo hiki kieleweke, na vitazamwe vitabu vitatu ambavyo ndani yake mji wa Unguja na chakula chake vimeonekana kutoka mahali patatu mbalimbali. Cha kwanza ni kumbukumbu za Emily Ruete, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 akaitwa Salme, binti wa Sayyid Said. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake mna habari nyingi za maakuli ya jumba la mfalme, nyakati zake na taratibu zake. Lakini Salme alikuwa binti wa watu wakubwa, na soko halikuwa lake. Alipohamia mjini, nyumba yake ilipakana na nyumba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, na dari ya jirani huyo ilikuwa chini kuliko yake. Ameeleza kuwa akiwa juu aliweza kuwaona wageni wa jirani wakiwa mezani, na kwamba karamu zile ziliandaliwa makusudi ili aone namna Wazungu wanavyokula. Jirani huyo, Heinrich Ruete, ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja kwenda Aden, na baadaye akaenda kuishi Hamburg.

Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa mtu aliyezuiliwa kula nje. Alichoruhusiwa ni kutazama tu, tena kwa mbali na kutoka juu. Na kutazama huko kulimgharimu nchi, dini ya wazee wake na jamaa zake. Ushahidi wa Salme ni wa thamani kubwa katika mambo ya ndani ya nyumba, ambayo hakuna msafiri wa Kizungu aliyeyaona kama yeye. Ama mji wenyewe, wa wachukuzi, wavuvi na wachuuzi, kwake ulikuwa sauti iliyopanda kutoka chini. Aliona meza asiyoweza kuiketia. Insha nyingi za leo zinafanana na hali hiyo bila ya kuwa na udhuru wake: mwandishi yuko barabarani, lakini anaandika kama aliye darini.

Kitabu cha pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Gravel Heart, iliyotoka mwaka 2017. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021; riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, na moja yao, Paradise, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Katika Gravel Heart, kijana Salim anakulia Unguja na mama yake. Baba yake ameondoka nyumbani, akaenda kuishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya duka. Kila siku mama hupika, akatia chakula katika kikapu, na Salim hukichukua kikapu hicho akakatiza nacho mitaani kumpelekea baba. Baba huzungumza machache, na mtoto haambiwi sababu. Baadaye Salim anakwenda London kwa mjomba wake kusoma mambo ya biashara, masomo hayo yakamshinda, akageukia fasihi. Ni mpaka arudi nyumbani, mama akiwa amekwisha kufa, ndipo baba anapomweleza kilichotokea: kwamba mjomba huyo alipokuwa kifungoni, mama alilazimishwa na mtu mwenye nguvu serikalini kuununua uhuru wa ndugu yake kwa nafsi yake. Jina la riwaya limetoka katika mchezo wa Shakespeare uitwao Measure for Measure, ambao nao umejengwa juu ya kisa cha dada anayetakiwa atoe heshima yake ili ndugu yake aokoke.

Salim, basi, ni mwanafunzi aliyetembea mjini na chakula mkononi kwa miaka, na hakujua amebeba nini. Njia aliijua, na uzito wa kikapu aliujua. Lakini maana yake ilikuwa imefichwa kwake. Kila mtu mzima aliyemwona akipita huenda alijua zaidi kuliko yeye. Hapa mwandishi ameonyesha jambo ambalo wapenda insha za kula na kutembea hulisahau, nalo ni kwamba kupita mahali mara nyingi si sawa na kupajua, na kwamba chakula kinaweza kunyamaza. Sahani iliyopikwa vizuri inaweza kuwa na toba ndani yake, au woga, au deni lisilolipika. Mwandishi anayeishia katika utamu wake huwa amekipeleka kikapu tu, asikifunue.

Kitabu cha tatu ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, ambacho Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021. Kisa chake ni cha miaka ya 1950. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, ameozwa mzee Raza. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, naye anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo. Yafaa kukumbukwa kuwa wakati huo kutoka mjini kwenda Ng'ambo kulikuwa ni kuvuka zaidi ya barabara. Upande mmoja palikuwa na nyumba za mawe, maduka na afisi. Upande wa pili palikuwa na nyumba za udongo na makuti za watu waliofanya kazi za upande wa kwanza. Yasmin havuki ili atalii. Anavuka kwa kuwa hana pa kwenda, na akifika huko anaketi: anaishi chumbani mwa Mwajuma, anashiriki maisha yake, na kwa njia hiyo anaingia katika habari za watu, za taarabu na za siasa ya kupigania uhuru, ambazo asingezijua kamwe kama angebaki dirishani kwa Raza.

Vitabu hivi vitatu, vikiwekwa pamoja, vinatoa daraja tatu za ushahidi. Salme alitazama, Salim alichukua, Yasmin aliketi. Ajabu ni kuwa wa mwisho, aliye dhaifu kuliko wote kwa mali na kwa jamaa, ndiye aliyeuona mji wote, pande zake mbili. Aliyepoteza heshima machoni pa watu wake ndiye aliyefaa kuwa shahidi.

Mwanafunzi wa leo hakutakiwa apatwe na misiba ya Yasmin ndipo aandike. Lakini anaweza kuketi. Na akiketi, hata bakuli moja la urojo lina mengi ya kumwambia. Rojo lenyewe ni la unga na manjano, lililotiwa ukali kwa embe mbichi au ndimu. Ndani yake mna bajia na kachori, ambazo majina yake na mapishi yake yametoka Bara Hindi. Mna chatini ya nazi ya pwani. Mna mbatata, na muhogo uliokaangwa ukavunjwavunjwa, na pilipili, mimea mitatu ambayo asili yake ni Amerika. Hata neno mbatata, ambalo Waunguja wanalitumia pale ambapo wengine husema kiazi, limekuja kwa njia ya bahari kutoka kwa Wareno. Anayekula urojo huku akiyajua haya anakula na watu wengi kuliko anaowaona.

Hata hivyo hapa pana mtego, na wahakiki wanapaswa kuuonya. Ni rahisi mno kulifanya bakuli la urojo kuwa mfano wa amani, na kusema kwamba kama vyakula vilivyochanganyika, ndivyo na watu wa Unguja walivyochanganyika bila ya kinyongo. Mji wenyewe unakanusha. Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni mwendo mfupi, na Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ambapo baadaye lilijengwa kanisa la Kianglikana. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Waarabu na Wahindi wengi waliihama nchi. Mapishi yao yalibaki, wao wakaenda. Mla sokoni wa Unguja anakula hatua chache kutoka mahali palipouzwa watu. Hakatazwi kula; lakini insha yake ikipita hapo bila ya kujua ilipopita, ushahidi wake una upungufu.

Majina ya mahali nayo yamngoja msomaji. Darajani hapana daraja: hori la maji lililoutenga mji na Ng'ambo lilifukiwa katika karne ya 20, na jina likabaki likishuhudia kwamba palikuwa na kuvuka. Forodhani hapana forodha tena. Bustani yake ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, na ikatengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Agha Khan. Mbele yake lipo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Moshi wa mishkaki wa kila jioni unapanda mbele ya jengo ambalo vizazi vyote viliamini kuwa litadumu.

Watakuwapo watakaosema kuwa hoja hizi zinamwonea mwanafunzi, ambaye alitaka kufurahi tu. Furaha haikanushwi. Kijana aliyetoka katika darasa la asubuhi, mwenye shilingi chache za kumtosha bakuli moja na nauli ya kurudi, ana haki ya starehe yake, na insha isiyokuwa na furaha ya kula haifai kuandikwa. Lakini furaha inayojua saa yake ni kubwa zaidi. Mwezi wa Ramadhani unalifundisha jambo hili kuliko mwalimu yeyote: mchana mji hauli hadharani, vichochoro hunyamaza, na mla sokoni huwa mtu wa kawaida aliyefunga kinywa, kisha adhana ya magharibi husikika, na tende huwafikia hata wapita njia. Mwandishi aliyeonja jioni ile hawezi tena kuandika kuwa chakula ni utamu peke yake.

Wengine watasema kuwa mwanafunzi wa kike hawezi kuketi barazani kama mwenzake wa kiume, kwani baraza za kahawa, kama ile ya pembe iitwayo Jaws, ni za wanaume. Kauli hiyo ina ukweli, na haipasi kupuuzwa. Ila yafaa iwe sababu ya kuandika, isiwe sababu ya kunyamaza. Salme alijifunza kuandika kwa siri, katika zama ambazo mabinti walifundishwa kusoma tu, na kwa sababu hiyo dunia inajua kilichokuwa kikiliwa ndani ya jumba la Mtoni. Mwanafunzi wa kike atakayeandika juu ya mama muuza maandazi wa alfajiri, saa anayoamka, kuni anazonunua na watoto anaowasomesha kwa maandazi hayo, atakuwa ametoa ushahidi ambao baraza nzima ya wanaume haina.

Tena Unguja si mji peke yake. Makunduchi, kusini mwa kisiwa, wakati wa Mwaka Kogwa, ambao huadhimishwa kila Julai, desturi ni kwamba kila nyumba ipate mgeni wa kula, na kukosa mgeni huhesabiwa kuwa si dalili njema. Huko maneno ya mjini yamegeuka juu chini. Anayekula nje ya kwao hapotezi muruwa, bali ndiye anayewatimizia wenyeji muruwa wao. Kauli ya Imamu Nawawi, kwamba mambo hayo huhitilafiana kwa watu, kwa hali na kwa mahali, imethibiti katika kisiwa kimoja, kwa safari ya siku moja.

Basi na ukubaliwe ushahidi wa mla sokoni, kwa masharti. Awe ametoa salamu kabla ya kutazama. Awe amesema "Karibu" kabla ya kutia tonge kinywani. Akitaja chakula, aujue mkono uliokipika. Akitaja mahali, ajue ni nani waliopita hapo kabla yake na walipitaje. Sharti hizi zina haraka leo kuliko zamani. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, nyumba nyingi za wenyeji zimegeuzwa hoteli za wageni, na maandishi mengi juu ya mji huo huandikwa kwa ajili ya hao wageni. Mji unaoandikwa na wapitao tu hukosa shahidi siku ya kesi yake. Mwanafunzi anayeteremka Darajani na daftari mfukoni na njaa tumboni huenda ndiye aliyebaki wa kuitwa.